Kazi ya Vumbi Kati ya Nyota



Nimeombwa nizungumzie tukio dogo mno: atomi mbili za hidrojeni kuungana na kuwa molekuli moja. Mwanafunzi wa sekondari huliandika kwa mstari mmoja, H na H, kisha mshale, kisha H2, akapewa alama zake. Ndani ya chupa ya maabara mstari huo hauna tatizo. Upeleke kwenye anga tupu iliyo kati ya nyota, nao unakwama. Atomi mbili zikikutana huko, zinagongana na kuachana, kila moja ikashika njia yake. Hata hivyo, tukihesabu molekuli zote za ulimwengu, hidrojeni inazishinda nyingine zote kwa wingi, tena kwa mbali sana. Mawingu yanayozaa nyota yamejaa hiyo. Kwa hiyo ipo namna inayoundwa, na namna hiyo inapita kwenye kitu ambacho wanaastronomia kwa muda mrefu walikiona kero: vumbi.

Tuanze na kikwazo chenyewe, maana asiyekielewa hataona vumbi lina kazi gani.

Atomi mbili za hidrojeni zinapokaribiana huvutana, na kadiri zinavyovutana ndivyo zinavyozidi kwenda kasi. Ili zibaki pamoja ni lazima ziachilie nishati ya kama elektroni-volti 4.5. Kwa atomi, hiyo ni nishati kubwa. Ukiigeuza kuwa joto unapata takriban nyuzi 52,000. Zisipoiachilia, nishati hiyo hiyo iliyozileta ndiyo inayozitenganisha. Chukua gololi uiachie ukingoni mwa karai laini. Itateremka, itapita chini kabisa, itapanda upande wa pili, na kama hakuna kinachoipunguzia mwendo itaruka nje. Itatulia chini pale tu kitu kitakapoipokonya kasi yake.

Molekuli nyingi hujipunguzia nishati kwa kutoa mwanga. Ya hidrojeni haina uhodari huo. Pande zake mbili zinafanana kabisa, hakuna ulio na chaji zaidi ya mwenzake, na kitu cha namna hiyo hata kikitetemeka kwa nguvu hutoa mwanga kwa shida sana. Molekuli ya hidrojeni inayotetemeka huhitaji wiki kadhaa kuipoteza nishati yake kwa njia ya mwanga. Mgongano wa atomi mbili unadumu sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde. Kati ya wiki kadhaa na muda huo hakuna mapatano yanayowezekana.

Ipo njia nyingine: atomi ya tatu ipite hapo hapo, wakati ule ule, iondoke na nishati ya ziada. Hewa tunayovuta humu ukumbini ina molekuli kama bilioni bilioni 25 katika kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kukutana kwa watatu si ajabu. Wingu jembamba kati ya nyota lina atomi kama 100 katika nafasi hiyo hiyo. Mgongano wa atomi mbili huko ni wa nadra. Wa atomi tatu kwa mpigo tunaweza kuusahau.

Hapo ndipo linapoingia vumbi. Mwaka 1930 Robert Trumpler, aliyekuwa kwenye kituo cha astronomia cha Lick huko California, alilinganisha ukubwa na mng'ao wa vishada vya nyota, akaona kwamba vya mbali vinafifia kuliko umbali wao unavyodai. Kitu fulani njiani kilikuwa kikila mwanga. Leo tunajua kitu hicho ni chembe za madini ya silikati na za kaboni, nyingi zikiwa na kipenyo kisichofika nusu ya mikromita, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe hizo hutengenezwa kwenye pumzi za nyota zinazozeeka na kwenye mabaki ya nyota zinazolipuka. Kwa uzito, vumbi ni kama asilimia 1 tu ya vitu vyote vilivyo kati ya nyota. Asilimia 99 ni gesi. Wanaastronomia waliolikuta vumbi kwenye njia ya darubini zao walilihesabu kama hasara, wakatunga mbinu za kusahihisha vipimo vyao ili waendelee na kazi kana kwamba halipo.

Aliyeligeuza suala hilo ni kijana wa Kiholanzi, Hendrik van de Hulst. Watu wengi wanamjua kwa jambo jingine: mwaka 1944, nchi yake ikiwa bado chini ya majeshi ya Ujerumani, alitabiri kwamba atomi ya hidrojeni inatoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, na mwaka 1951 wimbi hilo likanaswa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 alikuwa akijiuliza chembe za vumbi zinakuaje, na atomi zinazozigonga zinafanya nini zikishatua. Jibu lake lilikuwa kwamba hidrojeni ikitua juu ya chembe huungana na chochote inachokikuta: ikikuta oksijeni huwa maji, ikikuta kaboni huwa methani, na ikikuta hidrojeni mwenzake huwa H2, kisha hiyo H2 huondoka na kurudi kwenye gesi. Hakuwa na kipimo hata kimoja cha kumthibitishia. Alikuwa na hesabu na fikra iliyonyooka.

Naomba tukae kidogo juu ya chembe hiyo moja, kwa sababu uzuri wote wa somo hili uko hapo.

Chukua chembe yenye nusu-kipenyo cha mikromita 0.1. Ndani yake kuna atomi kama milioni 400, na juu ya uso wake kuna vishimo kama milioni moja ambamo atomi inaweza kukaa. Katika mawingu membamba ina baridi ya kelvini 15 hadi 20, yaani zaidi ya nyuzi 250 chini ya sifuri. Atomi za hidrojeni zinaijia kwa kasi ya kilomita moja hivi kwa sekunde. Katika wingu lenye atomi 100 kwa sentimita ya ujazo, atomi moja huigonga kila baada ya dakika chache. Ndani ya mawingu mazito yenye giza, ambamo karibu hidrojeni yote imekwisha kuwa molekuli na atomi huru ni chache, ugeni huo huweza kuja mara moja tu kwa siku.

Atomi ikigonga, nishati yake kidogo inamezwa na chembe, nayo inashikwa na kani dhaifu ile ile inayoshikilia gesi kwenye uso wowote wa baridi. Haijafungwa, imeegemea tu. Kutoka hapo huanza kutangatanga, ikihama kishimo hiki kwenda kile. Joto dogo la chembe huipa msukumo wa kuruka, na pale joto lisipotosha, sheria za kwanta huruhusu kitu chepesi kama hidrojeni kupenya kizuizi ambacho hakina nguvu ya kukiruka. Mapema au baadaye inakutana na atomi nyingine iliyotua kabla yake. Zinaungana. Zile elektroni-volti 4.5 zinagawanywa: sehemu inamezwa na mamilioni ya atomi za chembe, ambazo haziyumbi kwa mzigo huo, sehemu inaipa molekuli mpya mtetemo na mzunguko, na sehemu inaitupa molekuli kutoka kwenye uso, ikarudi angani. Vumbi linabaki kama lilivyokuwa, tayari kwa atomi zinazofuata. Wanakemia wana jina la kitu cha aina hiyo, kichocheo, na viwanda vyetu vya mbolea na vya mafuta vinakitegemea kila siku.

Namna niliyoieleza, ya atomi mbili kutangatanga na kukutana, inaitwa kwa majina ya Irving Langmuir na Cyril Hinshelwood, walioichunguza kwa ajili ya kemia ya hapa duniani. Iko nyingine, ya Eley na Rideal, ambapo atomi inayotoka angani inaiangukia moja kwa moja iliyokwisha kukaa. Hii hufaa zaidi pale vumbi lilipo na joto, kwa sababu atomi inayongoja inaweza kuwa imefungwa kwa nguvu za kikemia na haing'oki kirahisi. Nitairudia.

Mwaka 1963 Robert Gould na Edwin Salpeter walilifanyia wazo la van de Hulst hesabu za kina, na miaka ya 1970 na 1971 Salpeter na mwanafunzi wake David Hollenbach wakazikamilisha. Walionyesha kwamba uso wa chembe ukiwa na kasoro za kutosha, yaani mahali panaposhika atomi kwa nguvu zaidi ya kawaida, sehemu kubwa ya atomi zinazonata zitatoka zikiwa molekuli. Nadharia ilikuwa imesimama vizuri. Kilichokosekana ni H2 yenyewe. Mpaka mwanzoni mwa 1970 hakuna aliyekuwa amewahi kuiona molekuli hiyo kati ya nyota.

Kuiona ni kazi. Ikiwa baridi haitoi mwanga wa maana. Inachofanya ni kumeza mwanga wa urujuanimno wa nyota iliyo nyuma yake, kwenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 112, na mawimbi hayo hewa ya dunia huyazuia kabisa. Basi ni lazima chombo kipande juu ya hewa. Aliyekipandisha ni George Carruthers, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1939, ambaye akiwa na umri wa miaka 10 alijitengenezea darubini kwa mabomba ya karatasi ngumu na lenzi alizoagiza kwa posta. Akiwa mtafiti wa maabara ya jeshi la majini huko Washington alibuni kamera inayogeuza urujuanimno kuwa elektroni na kuziandika kwenye filamu. Tarehe 13 Machi 1970 kamera yake ilirushwa kwa roketi ya Aerobee kutoka White Sands, New Mexico. Safari nzima ilikuwa ya dakika chache, juu na kurudi. Katika dakika hizo ilielekezwa kwenye nyota Xi Persei, iliyofifishwa na vumbi, na filamu ilipooshwa alama za H2 zilikuwepo. Karibu nusu ya hidrojeni yote iliyo njiani kati yetu na nyota hiyo ilikuwa molekuli.

Nyota hiyo mnaweza kuiona wenyewe. Usiku wa Desemba, mahali pasipo na taa, itafuteni Kilimia, kisha mpande kuelekea kaskazini kwa zaidi kidogo ya upana wa ngumi moja, mkono ukiwa umenyooshwa. Ni nyota ya mng'ao wa wastani, haina umaarufu wowote machoni. Carruthers hakuishia hapo: mwaka 1972 kamera na darubini aliyoibuni ilisimamishwa juu ya mwezi na wanaanga wa Apollo 16, ikawa ya kwanza kuutazama ulimwengu kutoka huko. Mwaka 2013 Rais Barack Obama alimkabidhi nishani ya taifa ya teknolojia na ubunifu. Alifariki mwaka 2020. Nasema kwa moyo wote kwamba jina lake linapaswa kuwa kwenye vitabu vya fizikia vya shule zetu, na ningefurahi kumsikia mwanafunzi hapa akilitaja bila kuulizwa.

Mwaka 1972 setilaiti Copernicus ilianza kupima H2 kwenye njia ya nyota moja baada ya nyingine, na picha iliyojitokeza ilimtetea van de Hulst. Pale vumbi lilipo haba, H2 karibu haipo. Vumbi likifika kiasi fulani, H2 inaruka ghafla na kuwa nyingi. Sababu ya kuruka huko ni mbili zikishirikiana. Vumbi linaunda molekuli. Mwanga wa urujuanimno unazivunja, na molekuli isiyo na kinga hudumu miaka mamia kadhaa tu. Lakini H2 humeza mawimbi machache mahususi, kwa hiyo molekuli za nje ya wingu zikishayameza, za ndani zinabaki salama. Mike Jura alitumia vipimo hivyo kukadiria kasi ya uundaji. Kwa matumizi ya haraka, gawanya miaka bilioni 1 kwa idadi ya atomi zilizomo katika sentimita ya ujazo, na utapata muda ambao wingu linahitaji kugeuza hidrojeni yake. Lenye atomi 100 linahitaji miaka milioni 10. Lenye 10,000 linahitaji miaka laki moja. Kwa kipimo cha anga, vumbi linafanya kazi haraka.

Sasa nifike kwenye shida, ambayo kwangu mimi ndiyo sehemu ya kuvutia kuliko zote. Mpaka miaka ya 1990 hesabu zote zilikuwa zimekaa juu ya uso wa kufikirika. Ndipo Valerio Pirronello wa Catania na Gianfranco Vidali wa Chuo Kikuu cha Syracuse, pamoja na wenzao, walipoamua kulifanya tukio lenyewe maabarani. Walichukua kipande cha olivini, madini ya silikati yanayofanana na ya vumbi la angani, wakakiweka ndani ya ombwe na kukipoza hadi karibu na kelvini 5. Ugumu mmoja ni kwamba hata ombwe bora kabisa lina mabaki ya H2, na huwezi kutofautisha molekuli uliyoiunda na iliyokuwepo. Wakatumia miale miwili ya atomi, mmoja wa hidrojeni ya kawaida na mwingine wa deuteri, hidrojeni nzito. Molekuli ya HD ina uzito wa 3, na ikionekana kwenye kipima-uzito ni dhahiri imeundwa pale pale juu ya jiwe.

Matokeo yao, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1997, yaliwatia wengi wasiwasi. Uundaji ulikuwa mzuri kati ya kelvini 6 na 10 hivi. Chini ya hapo atomi zilikuwa zimeganda mahali pake, hazikutani. Juu ya hapo zilipaa kabla ya kukutana. Kwenye kaboni dirisha lilikuwa pana kidogo. Na vumbi la mawingu membamba, kama nilivyosema, lina kelvini 15 hadi 20! Anga inaunda H2 kwa wingi katika joto ambalo jiwe la maabara linakataa.

Majibu yamekuja kutoka pande kadhaa, na sioni kuwa lipo moja linalotosha peke yake. Olivini iliyosuguliwa ni laini mno. Silikati iliyovurugika, isiyo na mpangilio wa fuwele, hushika atomi kwa nguvu zaidi na kulipandisha dirisha hadi joto la mawingu hayo. Barafu yenye vinyweleo nayo inalipanua. Stéphanie Cazaux na Xander Tielens walionyesha kwa hesabu kwamba atomi zilizofungwa kikemia zinaweza kungoja hata vumbi likiwa na joto la kelvini mamia, na hapo ile njia ya Eley na Rideal inashika usukani. Halafu kuna chembe ndogo kabisa, zenye atomi mamia au maelfu tu: fotoni moja ya nyota inazipandisha joto ghafla, kisha zinapoa na kukaa baridi kwa muda mrefu zaidi ya wastani unavyoonyesha, na katika vipindi hivyo vya baridi kazi inaendelea. Ukitaka rai yangu, kuvurugika kwa uso ndiko kwenye uzito mkubwa kwa mawingu ya kawaida. Kwenye kingo za mawingu zinazochomwa na nyota kubwa, kama ule ukingo maarufu wa Orion, lazima kemia ya kaboni iwe na mkono.

Upo ushahidi mwingine ambao hauhitaji maabara. Wakazi wa pwani yetu ya kusini wanaweza kuliona Wingu Dogo la Magellan chini kusini mwa anga. Ni galaksi ndogo ambayo nyota zake hazijatengeneza vitu vizito vingi. Kiasi chake ni kama moja ya tano ya kile cha eneo letu, na vumbi lake ni haba vivyo hivyo. Setilaiti FUSE ilipopima H2 huko ilikuta upungufu mkubwa. Na tukirudi nyuma zaidi, kabla ya nyota yoyote kuwepo, hapakuwa na vumbi hata chembe. Hidrojeni ilipita njia ya mzunguko: atomi ilijibebesha elektroni ya ziada, ikagongana na nyingine, na elektroni ikafukuzwa na nishati ya ziada. Njia hiyo ni ya polepole na iliacha takriban molekuli moja kwa kila atomi milioni. Ndani ya vifurushi vya kwanza vya gesi kiasi kilipanda hadi karibu moja kwa elfu, kikatosha tu kupoza gesi iporomoke. Nyota za kwanza, kwa hesabu nyingi, zilikuwa kubwa sana kwa sababu gesi yao haikupoa vya kutosha kumegeka vipande vidogo. Zilipokufa zilitawanya kaboni na silikoni, na vumbi la kwanza likapatikana.

Mpaka sasa mawingu mengi ya H2 tunayatambua kwa kutafuta monoksidi ya kaboni, inayotoa wimbi la milimita 2.6 kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba penye monoksidi kidogo tunadhani hakuna kitu. Aprili 2025 Blakesley Burkhart wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake walitangaza wingu walilolipa jina Eos, lililoko kama miaka ya nuru 300 kutoka hapa, lenye uzito wa takriban mara 3,400 ya jua letu. Lilikuwa jirani yetu siku zote na hakuna aliyelijua, kwa kuwa monoksidi yake ni haba. Walilipata ndani ya data za chombo kilichobebwa na setilaiti ya Korea Kusini, kilichopima urujuanimno ambao H2 yenyewe huutoa inapopigwa na mwanga wa nyota. Mwanga huo huo unazivunja molekuli, na kwa makadirio yao Eos itakuwa imetoweka baada ya miaka milioni 6 hivi.

Kwa wanafunzi waliomo humu wanaotafuta tatizo la kushughulikia: kwenye Eos uvunjaji tunaweza kuuhesabu moja kwa moja kutoka kwenye mwanga wake, na ramani za vumbi lake tunazo. Ukijua molekuli ngapi zinavunjwa kwa mwaka na wingu linapungua kwa kasi gani, unaweza kukokotoa vumbi lile linaunda ngapi, kisha ukalinganisha na kile kipande cha olivini cha Syracuse.